Uraia wa Mama, Ng'ambo ya Petite Barrière

Mtoto aliyezaliwa Birere, mjini Goma, kwa baba Mkongomani na mama aliyekulia Gisenyi, ni Mkongomani kwa sheria ya Kongo na ni Mnyarwanda kwa sheria ya Rwanda. Hakuomba chochote kati ya hivyo viwili. Amezaliwa navyo, kama alivyozaliwa na shangazi upande mmoja na mjomba upande wa pili. Akitoka nyumbani kwa miguu anafika Petite Barrière baada ya dakika chache, anavuka, na tayari yuko kwa bibi yake mzaa mama. Lakini siku atakapotaka pasipoti ya upande wa mama, atakutana na jambo ambalo mtoto wa Nairobi mwenye mama Mganda hakutani nalo. Nchi moja itamwambia: karibu, chukua kilicho chako. Ya pili itamwambia: ukichukua hicho, hiki chetu umekiacha.

Watu wa mpakani huniuliza swali hili kwa namna nyingi, na karibu kila mara wanaliuliza wakiwa wamechelewa. Ndiyo maana leo nalitolea safu nzima.

Petite Barrière ni mlango wa wenye miguu. Wenye magari wengi hupitia Grande Barrière, karibu na ziwa. Hapa hupita wanawake wenye vikapu vya nyanya na karoti kichwani, wachukuzi, wanafunzi, na watu wenye ulemavu waliopanga mizigo juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu. Kabla ya korona walihesabiwa makumi ya maelfu kwa siku, na mpaka huu ukatajwa miongoni mwa ile inayovukwa na watu wengi zaidi barani Afrika. Wengi wao hawajawahi kushika pasipoti. Hupita kwa kitambulisho na jetoni, yaani kikaratasi cha kuvukia, chini ya utaratibu wa CEPGL, jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi ambayo mkataba wake ulitiwa saini hapahapa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976, na makao yake yakawekwa mjini humu.

Wepesi huo wa kuvuka umewafanya watu wasione haja ya kuuliza wao ni raia wa wapi. Mume anafanya kazi Goma, mke amepanga nyumba Gisenyi kwa ajili ya utulivu. Mtoto anasoma upande huu, anabatizwa upande ule. Swali la uraia huja ghafla na huja na haraka zake: nafasi ya chuo, kazi ya serikali, urithi wa kiwanja, visa ya Ulaya, au mpaka kufungwa. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Tarehe 17 Juni 2022 askari wa Kongo alipigwa risasi na kufa hapo Petite Barrière, na Kongo ikaamuru mpaka ufungwe saa 9 alasiri. Katika siku kama hizo jetoni haimsaidii mtu, na familia hugundua kwamba watu wanaokula chungu kimoja wanahesabiwa kuwa raia wa nchi mbili.

Ili kuelewa kwa nini sheria mbili zinazopakana zinakwenda kinyume namna hii, lazima turudi nyuma kidogo. Mstari wenyewe ni wa mezani. Tarehe 14 Mei 1910, mjini Brussels, Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza zilikubaliana mpaka wa eneo hili, na watu waliokuwa wakitoa kodi kwa mwami, yaani mfalme, mmoja wakajikuta wengine chini ya Mjerumani na wengine chini ya Mbelgiji. Kisiwa cha Idjwi kiliangukia Kongo, na vivyo hivyo Bwisha na Jomba katika Rutshuru ya leo. Baadaye Wabelgiji, wakiwa wanatawala pande zote mbili, walihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda hadi Masisi kati ya 1937 na 1955 ili wafanye kazi mashambani. Kwa hiyo mtu wa Kivu anapoulizwa wazazi wake walitoka wapi, jibu lake linaweza kuwa la aina nyingi: hawakutoka popote, mpaka ndio uliowapita, au waliletwa na mkoloni, au walikimbia mwaka 1959, au mama aliolewa tu, kama wanawake wanavyoolewa mji wa jirani. Sheria nzuri ingewatofautisha watu hawa. Siasa ya Kivu, kwa miaka sitini sasa, imewachanganya.

Tuanze na Rwanda, kwa sababu huko mambo yamenyooka zaidi, ingawa hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Sheria ya uraia ya tarehe 28 Septemba 1963 iliupitisha uraia kwa baba, na haikukubali uraia pacha. Kilichoibadilisha nchi hiyo ni ukimbizi. Watu waliokimbia kuanzia 1959 walizaa na kulea watoto Uganda, Kongo, Burundi na Tanzania, na wengi walichukua karatasi za huko ili wasome na wafanye kazi. Walipofika kwenye mazungumzo ya amani ya Arusha, itifaki ya Juni 1993 kuhusu kurudi kwa wakimbizi ilikubali kimsingi uraia wa nchi mbili. Katiba ya 2003 ikaiweka kanuni hiyo wazi: uraia pacha unaruhusiwa, hakuna anayenyang'anywa uraia wa asili, waliopoteza uraia kati ya tarehe 1 Novemba 1959 na 31 Desemba 1994 kwa sababu ya kuchukua uraia wa nje wanaurudia wakirejea kuishi nchini, na kila mwenye asili ya Rwanda pamoja na vizazi vyake ana haki ya kuupata akiuomba. Sheria ya Desemba 2004 ikamaliza ubaguzi dhidi ya akina mama: mtoto ni Mnyarwanda ikiwa mmoja wa wazazi wake ni Mnyarwanda. Sheria za 2008 na 2021 zimeendeleza msimamo huohuo.

Hapa kuna tofauti ambayo wengi hawaioni, na inawagharimu. Mwenye mama Mnyarwanda hawi mwombaji wa uraia. Tayari ni raia, na kazi yake ni kuthibitisha kwamba yule ni mama yake. Lakini mtu ambaye babu yake ndiye aliyetoka Rwanda, na wazazi wake hawakuwahi kuwa na karatasi za huko, anaingia kwa mlango wa pili, ule wa asili, na lazima aombe. Mlango wa kwanza unadai ushahidi wa kizazi kimoja. Wa pili unadai mlolongo. Ukienda ofisini na maelezo ya mlango wa pili huku haki yako iko kwenye wa kwanza, utazungushwa bila sababu.

Na kuna mtu wa tatu, ambaye hana mlango hapa wala hauhitaji: yule wa Rutshuru au Masisi anayezungumza Kinyarwanda, ambaye wazazi wake na babu zake ni wa hukohuko. Lugha si mzazi. Kuongea Kinyarwanda hakumfanyi mtu kuwa raia wa Rwanda, kama kuongea Kiswahili kusivyomfanya mtu wa Bukavu kuwa Mtanzania. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu watu wameuawa kwa kosa la kuchanganya mambo haya mawili.

Kongo nayo imeandika sheria zake za uraia kwa kutafuta tarehe. Katiba ya Luluabourg ya 1964 ilisema Mkongomani ni yule ambaye mmoja wa wazee wake alikuwa wa kabila lililokuwapo nchini kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Mwaka 1971 amri ya Mobutu iliwapa uraia kwa pamoja wote waliotoka Ruanda-Urundi na waliokuwa wakiishi Kongo tarehe 30 Juni 1960. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972, iliyotoka wakati Barthélemy Bisengimana, mwenye asili ya Rwanda, akiwa mkurugenzi wa ofisi ya rais, ilisogeza mstari: ni wale waliokuwa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Kisha ikaja sheria ya tarehe 29 Juni 1981, ikafuta yote hayo na kurudi hadi tarehe 1 Agosti 1885. Familia moja ya Masisi, bila kuhama hata hatua moja, ilikuwa ya kigeni, ikawa ya Kongo, ikawa ya kigeni tena. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito lilipitisha azimio la kuwarudisha makwao watu wa asili ya Rwanda na Burundi, Banyamulenge wakiwemo. Mwaka uliofuata vita vilianza.

Sheria namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 ilijaribu kufunga mjadala. Inawatambua kama Wakongomani wa asili watu wa makabila yote ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa Kongo siku ya uhuru, na inampa uraia mtoto ambaye baba au mama ni Mkongomani. Kwa hilo ni sheria yenye haki zaidi kuliko zote zilizoitangulia. Lakini ibara yake ya kwanza inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauwezi kushikwa pamoja na mwingine wowote, na ibara ya 10 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imerudia jambo hilo. Anayepata uraia wa kigeni anapoteza wa Kongo. Hahitaji kuukana kwa kiapo. Kuupata ule mwingine kunatosha.

Sasa mrudie mtoto wetu wa Birere. Je, amepata uraia wa kigeni? Sheria inazungumzia anayeupata, na yeye hakuupata popote. Alizaliwa nao, saa ileile aliyozaliwa na ule wa baba. Mimi nadhani hoja hiyo ni sahihi na wakili mzuri anaweza kuisimamisha: kuchukua pasipoti ya Rwanda kwa mtu ambaye mama yake ni Mnyarwanda ni kuchukua karatasi ya hali iliyopo, si kubadili hali. Udhaifu wa hoja uko kwingine. Ibara ya kwanza haisemi kupata, inasema kushika, na ofisa anayetaka kumnyima mtu haki ataanzia hapo. Isitoshe, yule anayeingia Rwanda kwa mlango wa pili, wa asili kwa maombi, hana hoja hii kabisa. Ameomba, amepewa, na kwa macho ya Kinshasa ameondoka. Tofauti ya milango niliyoitaja, ambayo upande wa Gisenyi inaonekana kama suala la fomu tu, upande wa Goma inaamua kama mtu bado ana nchi.

Kuondoka huko kuna gharama inayoshikika. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya dola, na hati ya kudumu hupewa Wakongomani peke yao. Mgeni hupewa hati ya muda, miaka isiyozidi 25 kwa mara moja, inayoweza kurefushwa. Fikiria kiwanja cha Himbi au Katindo kilichonunuliwa na baba kwa jasho la miaka mingi, na ndugu wawili wanaogombea urithi. Mmoja akionyesha kwamba mwenzake ana indangamuntu, kitambulisho cha Rwanda, ugomvi wa ndugu unageuka kuwa kesi ya uraia. Kwa familia za Goma hofu kubwa iko hapo, kuliko kwenye urais au ubunge.

Wakubwa wao wana njia zao. Mwaka 2007, ilipojulikana kwamba wabunge kadhaa wa Kinshasa walikuwa na uraia wa nchi za nje, Bunge la Taifa liliwapa muda wa kujirekebisha badala ya kuwavua viti. Machi 2018 mwanasiasa Moïse Katumbi, ambaye baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rhodes na mama yake Mkongomani, alifunguliwa uchunguzi kuhusu uraia wa Italia. Mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ilikataa ombi la kumwondoa kwenye orodha ya wagombea, naye akagombea urais. Aliyepeleka ombi hilo, Noël Tshiani, ndiye mwenye wazo la sheria inayotaka rais awe na baba na mama Wakongomani, wazo lililofikishwa bungeni mwaka 2021 na kurudishwa 2023. Zambia ilipitia hapohapo mwaka 1996, Katiba ilipobadilishwa kudai wazazi wote wawili wawe Wazambia, na kila mtu akajua aliyelengwa ni Kenneth Kaunda, ambaye wazazi wake walitoka Malawi. Mtu aliyeiongoza nchi kwa miaka 27 aliambiwa hana wazazi wa kutosha.

Kifungu cha uraia mmoja kilitungwa kwa hofu ambayo siidharau. Nchi iliyovamiwa mara kwa mara kutoka mashariki ina haki ya kuuliza nani ni wake. Ila kifungu hiki hakijamzuia mvamizi hata mmoja, kwa sababu anayekuja na bunduki hapitii kwa msajili wa uraia. Kinachofanya ni kumfundisha raia mwaminifu kuficha. Mama anamwambia mwanawe asitaje Gisenyi akiwa shuleni. Kijana ana kadi ya mpiga kura ya Kongo kwenye mfuko huu na indangamuntu kwenye ule, na kila mara anapofika kwenye dirisha anakumbuka atoe ipi. Hajaiba wala hajaghushi. Karatasi zote mbili ni zake kwa haki. Serikali imemfanya aishi kama mhalifu kwa sababu wazazi wake walipendana.

Majirani wamelitatua jambo hili kwa namna mbalimbali. Burundi ilikubali uraia pacha kwa sheria ya Julai 2000. Uganda iliubadilisha msimamo wake kwa marekebisho ya Katiba ya 2005 na sheria ya 2009, na jambo la kuigwa zaidi ni kwamba Katiba yake inawaorodhesha Banyarwanda miongoni mwa jamii za wenyeji zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, hivyo Mnyarwanda wa Kisoro hana haja ya kuthibitisha kwamba babu yake hakutoka Ruhengeri. Kenya tangu Katiba ya 2010 inampa uraia wa kuzaliwa mtoto wa baba au mama Mkenya popote alipozaliwa, na inakubali uraia pacha kwa sharti kwamba mtu autangaze. Tanzania bado inakataa: mtoto mwenye uraia wa pande mbili hulazimika kuchagua akifika utu uzima. Angalau sheria ya Tanzania inamwambia lini achague. Mtoto wa Birere haambiwi, na siku ya kuhukumiwa huchaguliwa na adui yake.

Hayo ni ya sheria. Ukweli ni kwamba mafaili mengi ya uraia kupitia wazazi hayafi kwa sababu ya sheria. Yanakufa kwa sababu ya majina.

Rwanda haina desturi ya jina la ukoo. Baba ana jina lake, mama lake, na watoto watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano ya Kinyarwanda yasiyofanana hata herufi. Kwa ofisa wa ubalozi wa Ulaya, hiyo ni familia ya watu saba wasiojuana. Kongo nayo, tangu siasa ya uhalisi ya Mobutu mwaka 1972, huandika jina na jina la pili, na siku hizi jina la ubatizo pia, na mara nyingi moja limetoka kwa babu. Mtoto mmoja akiandikwa pande zote mbili anaweza kuwa na mpangilio tofauti wa majina, tahajia tofauti, na hata tarehe tofauti ya kuzaliwa, kwa sababu asiyejua siku yake huandikiwa tarehe 1 Januari. Mama aliyejulikana mtaani kwa jina la kifungua mimba wake huandikwa hivyohivyo kwenye cheti, na miaka ishirini baadaye hakuna indangamuntu yoyote yenye jina hilo. Kila kosa la aina hii ni dogo, lakini yakiwa matatu ndani ya faili moja, ofisa anaanza kufikiria ulaghai.

Upande wa Goma hali ni ngumu zaidi kwa kuwa dola yenyewe haijawaandika watu wake. Kongo haijafanya sensa tangu 1984. Hakuna kitambulisho cha taifa kinachoshikwa na watu wote. Kadi ya mpiga kura ndiyo inayoshika nafasi hiyo, nayo hutolewa na tume ya uchaguzi kwa ajili ya kura. Wako Wanyarwanda walioichukua ili wasisumbuliwe barabarani, na wako Wakongomani halisi walioikosa. Sheria ya mwaka 2009 ya kulinda watoto inawapa wazazi siku 90 kuandikisha mtoto bila gharama. Zikipita, kinachobaki ni kwenda mahakamani kutafuta hukumu inayochukua nafasi ya cheti, na hukumu hiyo inahitaji mashahidi, nauli na muda. Cheti cha uraia chenyewe hutiwa saini na waziri wa sheria, Kinshasa. Tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, mtu wa Goma yuko mahali ambapo saini hiyo haifiki kirahisi.

Rwanda imekwenda mbele katika hili. Tangu 2020 mtoto huandikishwa palepale kituo cha afya alipozaliwa, na indangamuntu hutolewa kuanzia miaka 16. Hapo ndipo ulipozaliwa uvumi kwamba mtoto akizaliwa Gisenyi anakuwa Mnyarwanda. Wapo wajawazito wanaovuka wakiamini hivyo. Sivyo. Nchi hizi mbili zote hufuata mzazi, hazifuati kitanda cha hospitali. Mtoto wa wazazi wawili Wakongomani aliyezaliwa Gisenyi atapata cheti safi cha kuzaliwa, na cheti hicho kina thamani kubwa, lakini kinathibitisha mahali na wazazi tu.

Baba asiyeandikwa ni pengo jingine, na historia ya eneo hili ina mfano wake mchungu. Wakati wa ukoloni, watoto waliozaliwa na mama Waafrika na baba Wazungu waliondolewa kwa mama zao na kukusanywa kwenye taasisi za wamisionari, mojawapo ikiwa Save, kusini mwa Rwanda, na wengi wakapelekwa Ubelgiji. Baba zao wengi hawakuwatambua kwa maandishi. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni kwa niaba ya Ubelgiji, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba kutekwa kwa wanawake watano wa aina hiyo kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Watu hao walizeeka wakitafuta karatasi ya kuonyesha walizaliwa na nani. Tusidhani yamekwisha. Kila baba wa leo anayevuka Petite Barrière na kuacha mtoto bila kumtambua mbele ya afisa wa uandikishaji anatengeneza faili kama lile.

Kwa hiyo nashauri nini? Kwa Wakongomani wenye sauti bungeni, nasema ibara ya 10 ibadilishwe. Haimo kwenye ibara ya 220, inayofunga vifungu visivyoguswa, kwa hiyo inawezekana. Tangu Rais Félix Tshisekedi alipozungumzia katiba mpya mjini Kisangani, Oktoba 2024, mjadala wote umekuwa juu ya mihula ya rais. Kama kweli Katiba itafunguliwa, mtoto mwenye mzazi mmoja Mkongomani apate angalau sentensi moja: uraia aliozaliwa nao haumwondolei wa Kongo. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya haki ya uraia Februari 2024, na kabla yake, tarehe 16 Oktoba 2017, nchi za Maziwa Makuu, Kongo na Rwanda zikiwemo, zilikubaliana Brazzaville kutokomeza hali ya watu kukosa uraia. Sentensi hiyo moja ingetimiza sehemu kubwa ya ahadi zote mbili. Kwa Rwanda nasema hivi: haki ya asili mliyoiweka kwenye Katiba ni nzuri, na itaheshimiwa zaidi mkitamka wazi kwamba haimhusu Mkongomani kwa sababu tu ya lugha anayoongea.

Kwa wewe mzazi unayesoma haya, usisubiri Katiba ya mtu. Mwandikishe mtoto ndani ya siku 90, na majina ya mama na baba yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao, herufi kwa herufi. Kama hamjafunga ndoa ya serikali, baba aende mwenyewe amtambue mtoto. Tunza kadi za zamani za wazazi wako, za ubatizo pia, hata zilizochakaa, kwa sababu nchi imebadilisha mitindo ya vitambulisho na ofisi zimeungua. Usikubali kununua cheti, hata ukiambiwa kila mtu hununua. Karatasi moja ya uongo huzitia shaka kumi za kweli. Na kabla kijana wako mwenye wazazi wa pande mbili hajapeleka maombi yoyote Gisenyi, mwone kwanza wakili wa Goma anayejua sheria ya 2004, muulize kama mnathibitisha uraia uliopo au mnaomba mpya, na jibu lake mliweke kwa maandishi.